Mkwaju Mmoja

Sisi wa Tukuyu mvua hatuiombi, huja yenyewe
na mizigo yake yote.
Jumatano ile ilikuja na giza, umeme ukakatika mara mbili,
nami nikakesha na orodha ya wakulima wa chai:
majina arobaini na moja, kilo zao, namba zao za mizani,
nikiyavika alama moja moja
kwa lugha niliyofundishwa na Lugano
katika chumba cha nyuma cha duka la mbolea.

Lugano hakuwa na subira na wanaoburuza maneno kwa kipanya.
"Usiupambe ukurasa," alisema, "uambie.
Liambie neno: wewe ni kichwa, litasimama juu.
Iambie aya kuwa ni aya, itajipangia pembezo zake
kama tuta la viazi linavyojua maji yapite wapi.
Na ukifungua, funga.
Ukifungua, funga, Mwaijande. Hata zizi lina komeo."

‹kichwa› Malipo ya Mwezi wa Tano ‹/kichwa›

Kile kijistari kilichoinama kabla ya neno huitwa mkwaju.
Nilicheka. Mkwaju gani huota kwenye baridi hii?
Kwetu ni tunda la gunia, hupanda na lori kutoka Usangu
likiwa limekwisha kukauka.

Namba kumi na tisa: Anyosisye Mwakatumbula.
Tulimzika mwezi wa nne, udongo ukiyang'ang'ania majembe.
Kanuni za chama zasema aliyefariki akatwe,
basi nikaandika ‹kata›, nikaandika jina lake,
na hapo umeme ukaondoka.
Uliporudi nilikuwa nimeshika kikombe, mawazo yako kwingine.
Nikaendelea na namba ishirini.

Alfajiri niliibandika karatasi mlangoni pa banda la mizani
bila kuitazama.

Walifika na vikapu migongoni, ukungu ukiwafuata kama mbwa.
Wa kwanza kusoma alikuwa Tusajigwe, asomaye kwa kidole,
na kidole kikagota kwenye mstari.
Mstari ulianzia juu ya Anyosisye, ukaendelea
juu ya Gwakisa, juu ya Tusajigwe mwenyewe,
juu ya mapacha wa Mwambapa,
mpaka chini, mpaka sahihi ya mwenyekiti.

"Karani," aliniita, wala hakupaza sauti,
"mimi nimekufa lini?
Na hii chai, kilo kumi na nne, nani kaichuma?"

Watu wakacheka, kile kicheko cha kufukuzia kitu.
Gwakisa hakucheka. Alijigusa kifua.

Nilikimbia, matope mpaka magotini.
Kosa halikuzidi upana wa unywele:
mkwaju mmoja ambao sikuuandika.
Nikauweka. ‹/kata›
Wafu ishirini na wawili wakafufuka kwa mpigo,
kilo zao zikarudi, hata mwenyekiti.
Si kila siku karani hupewa kazi ya namna hiyo.

Alibaki mmoja chini ya mstari.

Nilikuwa nimeshainuka nilipokumbuka kikapu
kilichopita mizanini asubuhi ile kwa namba kumi na tisa,
mgongoni kwa Subilaga, mjane wake,
asiyejua kusoma, na ambaye hakuuliza kitu;
alisimama tu mbele ya karatasi
akipatazama pale wenzake walipokuwa wakipagusa.

Lugha ya Lugano haina alama ya hilo.
Nilitafuta. Ipo ya kukoleza, ipo ya kulaza herufi, ya kushusha tanbihi.
Ya mtu aliyeondoka na namba yake bado inachuma, haipo.
Basi nikafuta ‹kata›, nikafuta na mwisho wake,
nikaliacha jina na herufi zake za kawaida,
na chini yake nikafungua mstari mpya, nikaandika Subilaga,
nikafunga.

Katibu atauliza. Kanuni ni kanuni.
Nje mvua ilikuwa ikiyachapa mabati,
bila aya, bila nafasi,
imefungua tu.